Mifupa ya Unga wa Ngano

Jirani yetu ana kiunzi cha mifupa chenye urefu wa futi 12. Ni yale madude ambayo Home Depot ilianza kuyauza mwaka 2020 kwa dola 299, na watu wakayagombea. Oktoba ikiingia hulisimamisha mbele ya nyumba, na nikirudi kazini usiku hunikodolea macho mpaka nipate funguo. Hapa Des Moines, jimbo la Iowa, mwezi huo watu wenye akili zao timamu huweka makaburi ya bandia chini ya madirisha ya sebule zao. Kwetu Tanga ukimkuta mtu anapanga mifupa mlangoni huulizi bei. Unaita wazee.

Lakini binti yangu ni mzaliwa wa huku, naye alitaka mifupa. Nikaitazama ile 299, nikasema tutatengeneza yetu, unga si upo?

Kazi yenyewe si ngumu, ila ina uchafu. Mifupa mirefu unaviringisha magazeti, kisha unayabandika vipande vilivyolowekwa kwenye uji mwepesi wa ngano, tabaka juu ya tabaka. Fuvu hujengwa juu ya puto. La kwetu puto lilitoa upepo kabla halijakauka, shavu moja likabonyea, likapata sura ya mtu aliyekesha na jino. Binti akakataza lisiguswe.

Taabu ilikuwa vidole. Mwalimu wake alikuwa amewafundisha kwamba mtu mzima ana mifupa 206, na kwamba 106 kati ya hiyo imo mikononi na miguuni, kila kiganja na kifundo chake 27. Sasa mtoto hataki mkono wa kubabaisha. Tukavifinyanga kimoja kimoja kwa donge la unga vikombe viwili, chumvi kimoja na maji kimoja, tukavikausha kwenye oveni kwa moto mdogo. Vilitoka vyeupe pee, na mfupa wa kaburini haung'ai hivyo. Dawa yake ni chai ya rangi. Nikachemsha sufuria la majani, chai nzito ya kukwangua ulimi, nikavitumbukiza vidole, nikatoka kupokea simu.

Shangazi yangu alikuwa amekuja kututembelea, na shangazi ni mtu wa chai. Akajichotea kikombe, akatia sukari, akakoroga, kijiko kikagonga kitu. Niliporudi nilimkuta ameketi wima, kijiko mkononi, juu yake kipande cha kidole kinafuka moshi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba baadaye. Huyu ni nani?"

Nikamweleza habari za Halloween, na ili anielewe vizuri nikamfungulia oveni. Mlikuwa na mbavu. Jioni ile nyumba nzima ilifukizwa ubani, oveni ikapata fungu lake, hadi king'ora cha moshi kikalia na jirani akaja mbio kuuliza kama tu salama. Akavuta pumzi mlangoni, akasifu sana. Yeye hakuwahi kufikiria kuongeza na harufu.

Tuliitandaza mifupa juu ya majani makavu jioni. Asubuhi mikono yote miwili haikuwa na vidole. Kindi mmoja alikuwa juu ya uzio, amekishika kidole gumba kwa mikono miwili, anakitafuna huku anatutazama bila haya. Unga na chumvi: kwa kindi wa Iowa hilo ni andazi. Mvua nayo ikamalizia magazeti. Siku yenyewe ilipofika tulibaki na lile fuvu la jino na mbavu chache nilizowahi kuzipaka vanishi.

Na siku yenyewe, Des Moines wana mambo yao. Usiku wao huitwa Beggars' Night, ulianzishwa mwaka 1938 kuwatuliza vijana waliokuwa wakiharibu mali za watu, na kwa miaka mingi ulikuwa tarehe 30 Oktoba badala ya 31. Mtoto hapewi pipi mpaka atoe kichekesho. Shangazi aliposikia hivyo akajifunga kanga, akaketi barazani na bakuli la pipi. Vichekesho vya Kiingereza havielewi, lakini vitendawili anavyo.

"Kitendawili!"

Spider-Man akatoa macho. Binti yangu akawa mkalimani. Aliyeshindwa alidaiwa mji, na haikupita saa shangazi akawa ameshapewa Omaha, Chicago na karibu Minnesota yote. Aliyeitikia "Tega!" kwa sauti alikuwa mtoto wa Kikongo wa mtaa wa pili, amevaa manyoya ya simba, akajaziwa konzi mbili kabla hata hajategewa. Fuvu halikumtisha mtu. Msichana mmoja alilipapasa shavu, akaliambia pole.

Kwa ukarimu huo pipi ziliisha mapema. Nikakimbilia jikoni, nikatoka na sinia la kashata alizopika shangazi mchana. Mama mmoja akauliza zina nini ndani. Nikamwambia sukari na karanga, basi. Akarudi nyuma hatua mbili akimvuta mwanawe. Baba wa Batman akambeba wake juu juu. Foleni nzima, watu waliopita makaburini wakicheka, ikasogea hadi barabarani.

"Wanaogopa nini hawa?" shangazi akaniuliza, na ili kuwatoa wasiwasi akachukua kashata moja, akaitafuna mbele yao, akawapungia mkono uliojaa makombo. Wakazidi kurudi nyuma.