Mashevalie wa Boga

Jumatatu, Mei 26

Mvua ya usiku imepenya kwenye bati, palepale juu ya rafu ya mashevalie, zile sanamu ndogo za wapiganaji wa kale wa mkuki na ngao. Wenyewe ni wa plastiki, hawakudhurika. Ng'ombe wa udongo waliokuwa wamewapanda ndio walioyeyuka wakawa tope, na shevalie mmoja nimemkuta amezama humo hadi kiunoni, mkuki ungali mkononi. Nimemwosha kwa maji ya uvuguvugu. Rangi ya dhahabu kifuani imebaki.

Niandike kwa nini wanapanda ng'ombe. Sanamu hizi hazifiki Boga zikiwa kamili. Mimi ni fundi cherehani, nanunua nguo za mtumba nizirekebishe, na mara nyingine chini ya belo la nguo za watoto, katikati ya soksi na kofia, hukutwa kitu cha kuchezea ambacho aliyefunga hakukiona. Belo limepita Kampala, likapita Bunia, likaja huku kwetu limefungwa nyuma ya pikipiki. Mpanda hufika, farasi hubaki njiani. Na watoto wengi wa hapa hawajamwona farasi hai. Mbung'o wa bonde la Semliki na wa msitu wa Ituri hubeba ugonjwa wa nagana, na farasi hauvumilii. Lakini ng'ombe wa pembe ndefu wanamjua tangu wakibebwa mgongoni, maana Boga ni nchi ya Wahema wafugaji. Kwa hiyo mtoto akipewa mpanda asiye na mnyama, huteremka mtoni, huchota udongo, hufinyanga ng'ombe na kumpandisha mtu wake. Hakuna aliyewafundisha. Naona wamefanya sawasawa kabisa.

Leo wamefinyanga wengine. Nimewaanika mbali na rafu.

Jumanne, Mei 27

Binti wa jirani, wa miaka sita, ameshika shevalie wa Playmobil, akamgeuza huku na huku, akaniuliza, "Papa, pua yake iko wapi?"

Nimemweleza yote ninayojua, kwa sababu swali lilikuwa zuri. Huyu alibuniwa na Mjerumani aitwaye Hans Beck. Beck aliangalia jinsi watoto wanavyomchora mtu: kichwa kikubwa, macho mawili, mdomo unaocheka, pua hamna. Akafuata walivyochora. Sanamu zilipotoka mwaka 1974, makundi ya kwanza yalikuwa matatu: mafundi wa ujenzi, wenyeji asilia wa Marekani, na mashevalie. Mwaka mmoja kabla yake mafuta yalikuwa yamepanda bei duniani, plastiki nayo ikapanda, kiwanda kikahitaji kitu kidogo kisichokula plastiki nyingi. Ndiyo maana shevalie huyu ana urefu wa sentimita saba na nusu tu, na miguu yake hukunjika pamoja pale kiunoni.

Binti amesikiliza mpaka mwisho, akaenda naye. Jioni amemrudisha akiwa na pua ya udongo, imekauka vizuri, ina matundu mawili ya sindano. Sasa kifuniko cha uso cha kofia yake hakishuki tena, kinagota kwenye pua. Nimemuuliza kama tuibandue.

"Hapana, Papa. Sasa anapumua."

Kifuniko kimebaki juu.

Jumatano, Mei 28

Mbuzi ameingia uani akala mnara mmoja wa ngome. Ngome ilikuwa ya mabua ya mahindi, imefungwa kwa kamba za migomba. Kamba ameziacha.

Nimeshona joho la shevalie kwa kipande cha kitenge. Kitambaa cha mtu mdogo hivi hakikubali cherehani, ni lazima ushone kwa mkono, pindo jembamba kuliko unyasi, na shingoni uache nafasi kichwa kipite, kwa sababu kichwa ndicho kikubwa kuliko vyote. Sindano imevunjika kwenye pindo la mwisho. Joho limemkaa vizuri.

Alhamisi, Mei 29

Mfuko kutoka Bunia umefika, una matope nje na ndani. Niliagiza joka. Amekuja dinosaria wa kijani asiye na mabawa. Ila chini yake alikuwapo shevalie ambaye sijawahi kuona mfano wake: si wa historia, ni wa ngano, kofia yake ni fuvu la joka lenye pembe, mabawa mekundu mgongoni, ngao yenye jicho katikati. Pindo la kila bawa lina mishipa iliyochorwa mmojammoja. Aliyechonga umbo lake la kwanza alikuwa fundi wa kweli, nami namheshimu bila kumjua.

Kijana wa pikipiki, ambaye si kijana tena, amemtazama akasimama. Amesema utotoni aliona Les Chevaliers du Zodiaque kwenye televisheni ya jirani, ile katuni ya Wajapani ya mwaka 1986 iliyotokana na hadithi ya michoro ya Masami Kurumada. Ikaanza kuoneshwa Ufaransa mwaka 1988, na kwa Kifaransa hichohicho ikafika Afrika. Amenieleza dirii za shaba, za fedha na za dhahabu, nani alimshinda nani, na nani alikufa akafufuka. Ameeleza kwa raha hata amesahau kunishushia uzi wangu. Umeendelea naye hadi Tchabi.

Jirani yangu, mama mwenye mtoto mchanga, ameomba yule mwenye pembe asikae karibu na dirisha lake. Ni ombi la haki. Nimempandisha rafu ya juu, ametazama ukutani.

Ijumaa, Mei 30

Siku ya Apolo Kivebulaya. Alikuja hapa kutoka Toro mwaka 1896 kuhubiri, akafia hapa tarehe kama ya leo mwaka 1933, na kaburi lake tunalo. Waanglikana wa Kongo huhesabu mwanzo wao kutoka kwake.

Katikati ya sala, watu wameinamisha vichwa, shevalie ameanguka kutoka mfukoni mwa mtoto mmoja. Plastiki ikianguka kwenye saruji, kanisa zima linajua. Ameteleza chini ya mabenchi mpaka kwenye kiatu cha mzee mmoja, ambaye amemwokota, akamweka juu ya kitabu chake cha nyimbo, akaendelea kusali. Nje baadaye amemrudisha kwa mtoto na kumuuliza msalaba ule kwenye ngao ni wa nini. Mtoto amejibu kwamba ni wa mtu aliyepigana na joka. Mzee amesema, "Basi ni Georgi," na kumweleza habari za Mtakatifu Georgi palepale juani.

Mkuki wake haujapatikana.

Jumamosi, Mei 31

Asubuhi hapakuwa na mchezo. Usiku wa kuamkia tarehe hii mwaka 2021, Boga na Tchabi zilishambuliwa, zaidi ya watu 50 wakauawa. Zipo nyumba hapa ambazo leo hazifungui mlango mapema, na watoto wanajua.

Alasiri wamekuja. Mvulana mgeni kati yao alileta bunduki ndogo ya plastiki ya sanamu nyingine, akataka kumpa shevalie mwenye joho. Sanduku langu la sanamu lina sharti moja: bunduki haiingii. Mkuki unaingia, upanga, ngao, hata joka nikilipata. Mvulana amekasirika akaondoka. Wenzake wameendelea.

Wapo watu wazima wanaoniambia kwamba shevalie naye ni mtu wa vita, na mji huu umeshiba vita. Nawaelewa. Ila waje wakae uani kwangu saa moja, watazame. Watoto hawa bunduki wameisikia kwa masikio yao, hawana haja ya kuiiga. Mtu wa mkuki hawajamwona popote, kwa hiyo wako huru kuamua wenyewe kazi yake. Nao wameamua: anapeleka ng'ombe kunywa maji na kuwarudisha wote kabla ya giza. Mchezo ni huo. Anayepoteza ng'ombe hurudi kuanza upya. Sijamwona mtoto aliyeua mwenzake uani pangu.

Yule mvulana amerudi jioni na njiti ya ufagio aliyoichonga ncha. Ni nyembamba mno kwa mkono wa shevalie, imedondoka. Tumeizungushia uzi uliobaki hadi ikashika.

Jumapili, Juni 1

Ng'ombe wa Jumatatu wamekauka, mmoja amepasuka pembe. Uzi wangu umerudi kutoka Tchabi, umelowa.

Ninaandika ombi hili na nitalituma sokoni Bunia. Ninyi mnaofungua mabelo, mkikuta sanamu isiyo na mkono, farasi asiye na mkia, upanga uliokatika, bawa moja, msitupe jalalani. Vifungeni kwenye mfuko, mumpe mtu wa pikipiki anayekuja Boga. Nauli nitalipa mimi akifika.