Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri, Kuhusu Gia ya Pili

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kilimo,

Mimi mkulima wa Lanet, mashariki ya jiji la Nakuru, nachukua wasaa huu kukuarifu kwamba trekta langu limepoteza gia ya pili. Najua kuwa habari ya gia moja si ya kufikishwa mbele ya mtu wa cheo chako, ambaye aghalabu hushughulika na matrekta mazima, tena kwa mamia. Lakini kwa kuwa hapa kwetu ndipo askari walipoasi mnamo Januari 1964, naona ni adabu kutanguliza kwamba barua hii haina nia ya uasi wowote.

Trekta lenyewe ni Kubota dogo, lisilofikia nguvu za farasi ishirini, lililoundwa Japani kwa mashamba ya mpunga ya huko, likazeeka huko, kisha likavuka bahari kuja kuanza ujana wa pili Mombasa. Sikulichagua kwa uchechefu wa fedha peke yake. Mashamba ya walowezi pande hizi yamegawanywa na kugawanywa tena mpaka yamekuwa vipande ambamo trekta kubwa likiingia halina pa kugeukia ila katika mahindi ya jirani. Langu lina ila moja tu: liliundwa liuzwe kwao, kibao chake kimeandikwa Kijapani, na giaboksi yake si ile waliyopewa ndugu zake waliouzwa nchi za nje. Kwa gia ya kwanza linatambaa hata kuku wanalitangulia mfuoni. Kwa ya tatu jembe linarukaruka na injini inakabwa roho. Iliyokuwa ikilima ni ya pili.

Fundi alipoifungua giaboksi, oili ilitoka imegeuka kijivu kwa maji na unga wa chuma, akapapasa chini kwa vidole, akatoa jino moja zima na vipande vya mengine mawili. Meno yaliyosalia yalikuwa yamelika pembeni, upande ule ambako gia huingiliana na mwenzake, maana giaboksi za zamani hazina cha kusawazisha mwendo kabla ya kuunganisha, na dereva asiye na subira hulazimisha. "Mzee," akaniambia, "hii si ya kuchomelea."

Madukani nilipokewa kwa jamala. Spea za Massey Ferguson hapa Nakuru hupatikana hata kwa muuzaji asiyejua kazi yake, kwa kuwa trekta hilo ni mwenyeji wa siku nyingi katika Bonde la Ufa. Bali nikitaja Kubota la Japani huulizwa la mwaka gani, na nikijibu kuwa mwaka umeandikwa kwa herufi nisizozisoma, hushauriwa niende Nairobi, Kirinyaga Road, ambako huombwa sampuli, sampuli ikageuzwageuzwa mkononi kwa huruma, na mimi nikashauriwa nirudi Nakuru.

Wapo mafundi wa kukereza vyuma, na watu wa jua kali hawashindwi na umbo: watachukua kipande cha ekseli ya lori, wakikereze, wagawe mzingo kwa idadi ya meno, wayakate moja moja, na gia itatoka inang'aa kuliko ya kiwandani. Taksiri haiko katika umbo, iko katika ugumu. Jino la gia halina budi kuwa gumu juu na laini ndani, uso wake ustahimili msuguano na moyo wake uhimili kishindo, na hali hiyo hupatikana kwa kukipika chuma pamoja na kaboni katika tanuri ambalo joto lake hupimwa, si kwa kukipasha mpaka kiwe chekundu na kukitumbukiza katika oili chafu. Jino laini lote hulika kabla ya msimu kwisha. Gumu lote hukatika jembe likutanapo na jiwe la kwanza, na mawe ya Menengai unayajua.

Wala si kwamba serikali haikupata kuyawaza mambo haya. Mwaka 1986 Rais Moi aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari. Februari 1990 Nyayo Pioneer ikazinduliwa Kasarani. Magari ya majaribio yakawa matano, na la kuuzwa halikufuata. Katika juhudi hizo kikasalia kiwanda cha kuchonga vyuma, Numerical Machining Complex, ambacho mnamo 2021 kiliwekwa chini ya Wizara ya Ulinzi. Habari hiyo ilinifurahisha mno, kwani kambi ya jeshi ni jirani yangu, nikadhani huenda sasa nitapewa gia kupitia juu ya ukuta.

Sikulaumu kwa maradhi yaliyozaliwa kabla yako. Waingereza walipoanza mwaka 1947 kulima karanga Kongwa, Tanganyika, walinunua matrekta yaliyokwisha tumika, mengi yakiwa masalio ya jeshi kutoka Ufilipino, na vipuri vikawa ni mazungumzo ya baadaye. Walipofunga daftari mwaka 1951 hasara ilikuwa pauni milioni 36.

Nimetafakari kwa nini trekta zima hupokewa na waziri ilhali gia haipokewi na mtu, nikaona ni suala la umbo: trekta hufungika utepe, na mheshimiwa hulipanda akapigwa picha ameshika usukani, hali gia haina pa kukalia. Kwa hiyo napendekeza, kwa unyenyekevu, pawe na hafla ya kuzindua gia katika uwanja wa Maonyesho ya Kilimo hapa Nakuru. Iletwe juu ya sinia, bendi ipige, na kwa kuwa mzigo ni mdogo, msafara uwe wa gari moja. Aidha, matrekta ya taifa yahesabiwe mwezi wa Machi, masika yakikaribia, na yahesabiwe yale yanayonguruma tu. Karani hatachoka.

Ikiwa hayo ni mazito, ninalo ombi jepesi. Katika yadi za serikali yamelala matrekta yaliyokufa, nyasi zimepenya hadi kitini, yakingoja kamati ya kuuza mali chakavu ikae kwa mujibu wa sheria ya 2015. Kama miongoni mwayo limo Kubota dogo ambalo giaboksi yake haijaingia maji, nipe idhini kwa maandishi, yenye mhuri, nije na fundi wangu tutoe gia moja. Magurudumu, bodi na nyasi tutaiachia kamati. Meno yake ni 24, na tundu la katikati lina mikato sita ya kushikia shafti. Nimeambatisha mchoro na vipimo, wasije wakaniletea usukani.

Wako mtiifu,
Mkulima, Lanet