Buibui Aliyejishonea Kitabuni

Kansanga, Kampala, bondeni chini ya barabara ya Ggaba, Mama Panya alipanga chumba kimoja. Mali yake kubwa ilikuwa kitabu chenye herufi zaidi ya milioni nne, na humo mlikuwa na kila kitu: namna ya kumeng'enya sukari, kuziba ufa, kuzaa. Kila mtoto aliyehama alipewa nakala yake.

Siku moja akaja Buibui, fundi wa kushona. Mwenyekiti wa baraza la mtaa (LC), Mzee Kobe, akamsimamisha.

"Barua ya utambulisho iko wapi, ssebo?"

Buibui akatoa karatasi ya herufi kama 37,000. Kwenye ncha zake zote mbili vilining'inia vipande vya kitabu cha nyumba aliyotoka. Kobe akavitambua vipande vile, akasema huyu ni wa kwetu, apite. Katikati ya karatasi hakupasoma.

Usiku Buibui akafungua kitabu. Hakuchagua sana ukurasa. Msaidizi wake alimkinga tu asijishone juu ya karatasi yake mwenyewe. Kurasa zile zilikuwa za tabaka mbili. Akakata tabaka la juu, akasogea herufi tano, akakata la chini, kisha akaishona karatasi yake hapo. Vile vipande vya ncha vikakatwa, vikatupwa. Asubuhi Mama Panya akaona vijipengo viwili, akavijaza kama alivyozoea kukarabati kitabu chake. Basi herufi zilezile tano zikawa zinasomeka upande huu na upande ule wa mgeni. Alama ile ya uvamizi iliandikwa kwa mkono wa mwenye nyumba, na hilo ndilo linaloniuma zaidi katika habari hii.

Nyumba nyingine nazo zikapata wageni wa ukoo huo. Mmoja aliangukia ukurasa wa chakula, na wenyeji wakasahau kujitengenezea kirutubisho walichokijua tangu enzi za mababu. Wengi hawakuhisi lolote. Kobe akaongeza walinzi getini.

Kisha Buibui wa Mama Panya akaamka. Bila kuondoka alipokaa, akajinakili na kujishona ukurasa mwingine, na mwingine, hadi nakala zikakaribia mia. Kila nakala ikakatwa pamoja na vipande vya kitabu cha Mama Panya kwenye ncha zake. Nyumba ikapasuka. Mabuibui wakafika getini, kila mmoja na barua yake, na Kobe akazisoma ncha.

Panya huyo ni bakteria wa utumboni, Escherichia coli, na kitabu chake ni DNA yake. Buibui ni kirusi Mu, ambacho Austin Taylor alikieleza huko Marekani mwaka 1963, baada ya kuona bakteria waliokibeba wakipata mabadiliko ya kurithi.

Kampala ina sababu yake ya kujali habari hizi. Kipindupindu kimerudi mara kwa mara katika mabonde yake yanayofurika, na sumu inayomkausha mgonjwa haikuanzia kwa bakteria mwenyewe. Mwaka 1996 Waldor na Mekalanos walionyesha kwamba jeni za sumu hiyo huletwa na kirusi kingine, kisicho cha ukoo wa Mu, ambacho nacho hujiingiza kitabuni. Bakteria wa kipindupindu asiye na karatasi ya kirusi hicho hawezi kutengeneza sumu hiyo.