Sifa za Kompyuta ya Unyanyembe

Kompyuta yangu hujizima. Haigandi, haileti skrini ya bluu, haitoi hata mlio. Uko katikati ya neno, pap, kioo cheusi, na sura yako mwenyewe inakukodolea macho humo ndani, mdomo wazi. Wageni wangu wa Dar es Salaam huiita kimeo. Nawasamehe, hawajui wameingia mji gani.

Tabora ni mji uliotokana na kukwama. Msafara ulitoka Bagamoyo, kila mpagazi na mzigo wake wa frasila mbili, kama kilo 32, ukapanda Mpwapwa, ukatozwa hongo Ugogo, ukakatiza kiu ya Mgunda Mkali, ukaingia Unyanyembe, yaani hapa kwetu Tabora. Hapo ukavunjika. Mpagazi Mnyamwezi alikuwa amefika kwao. Alitua mzigo, akapokea nguo za ujira wake, na kama mvua zimekaribia akashika jembe. Mwenye mali abaki na marobota yake ya merikani. Burton na Speke waliingia tarehe 7 Novemba 1857, wakakaa zaidi ya mwezi. Stanley alifika Juni 1871 na haraka zake za kigazeti, lakini vita vya Mirambo vikaziba njia ya Ujiji, akaja kuondoka Septemba, tena kwa kuzunguka kusini. Bingwa wao ni Livingstone, aliyeketi Kwihara, humuhumu Unyanyembe, tangu Machi hadi tarehe 25 Agosti 1872 akingoja wapagazi watoke pwani. Watu waliosubiri namna hiyo walijenga matembe, wakapanda miembe, wakaoa. Babake Tippu Tip alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Sasa niambieni: mashine inayomkalisha mtu chini safari ikiwa nusu, ni mbovu hiyo au ni mwenyeji?

Na ina ratiba. Usiku wa Julai, baridi imeshika, hunipa saa nzima. Mchana wa Oktoba, kabla mvua hazijaanguka, dakika kumi. Baada ya hapo inataka ipoe, na ikipoa hakuna kazi. Ndipo jirani huvuta kigoda chake na bao lake akaja barazani. Nimezijua habari za wajukuu zake wote, hata wa Mpanda ambaye haandiki. Uandishi wangu nao umepata adabu. Zamani nilikuwa mtu wa sentensi ndefu. Siku hizi naandika fupi, nahifadhi, napumua. Mkikuta ndefu humu, jueni imeandikwa alfajiri.

Wanaosema ni mwizi siwabishii. Wapagazi watoro walitoweka usiku na mzigo wa watu, nayo hutoweka na ukurasa ambao sijauhifadhi. Tena haiagi. Nilifungua kumbukumbu za Windows nitafute sababu, nikakuta tukio namba 41 limejipanga safu kwa safu, likinieleza kwa lugha ya kiofisi kwamba mashine imewaka upya bila kuzimwa ipasavyo. Nilikuwepo. Mtani wangu Mgogo alicheka hadi akashika ukuta: "Zamani mlitulipa hongo mpite kwetu. Leo mnailipa mashine, nanyi mko kwenu!"

Maana hongo nimelipa. Nilinunua stebilaiza nikidhani ni umeme. Nilinunua programu ya kuua virusi. Nikafuta kila kitu nikaweka Windows upya, kazi ya siku mbili, kwa kuwa kila nikifika katikati ilijizima.

Mwishowe akaja kijana fundi. Hakuiwasha. Aliuliza tu, "Mzee, ikipoa inawaka?"

"Inawaka."

"Basi si virusi. Virusi hawaijui Oktoba."

Akashika kitambaa cha kufuma kilichofunika kasha lote, cheupe, chenye maua pembeni, kimeziba matundu barabara. "Hiki kimewekwa na nani?"

Mama watoto akajibu kutoka jikoni, "Vumbi lisiingie!"

Lilikuwa limeingia. Alipofungua ubavu, feni ilikuwa imevaa vumbi zito kama sufi ya mto wa kulalia, jekundu, limeshikana hata ukaweza kulivua lote kwa mkono mmoja. Akanieleza kwamba prosesa ikikaribia nyuzi 100, mashine hujikatia moto yenyewe isiungue. Kumbe miaka yote ile ilikuwa inajiokoa nami naitukana. Alipiga brashi, akapuliza kwa pampu ya baiskeli huku ameizuia feni kwa kidole isizunguke. Akakwangua ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa, imekauka kama chokaa ya ukutani, akaweka tone jipya kadiri ya punje ya dengu. Halafu akachomoa ramu, akaomba kifutio cha penseli cha kitinda mimba wangu, akayasugua yale meno ya dhahabu taratibu, moja moja, kama mtu anayesafisha pete.

Ikawaka, na haikuzimika tena. Siku kumi na moja. Jirani alikuja mara mbili, akanikuta nimempa mgongo, akarudi na bao lake kwapani. Chakula kililetwa kikawekwa ubavuni pangu, sikumbuki kilikuwa nini. Kazi ya mwezi niliimaliza kwa wiki, nikaongezewa ya mwenzangu aliye likizo.

Siku ya kumi na mbili kitambaa kilikuwa kimerudi mahali pake, kimefuliwa na kupigwa pasi. Hakuna aliyemwuliza mwenzake. Mimi nami niliisogeza mashine kidogo, upande wa matundu ukaegemea ukuta.

Hii aya naiandika kwa kalamu. Jirani anahesabu kete.