Chupa za Mama Mkwe na Safari ya Perth

Mjukuu wetu wa kwanza alizaliwa Perth, magharibi ya Australia, na hilo halikuleta ubishi. Ubishi aliuleta wakala wa tiketi wa Darajani, Unguja, kijana mpole mwenye kalamu sikioni, kwa nia njema kabisa. Alisema kutoka Addis Ababa ndege za Singapore zipo na za Hong Kong zipo, na kote kuwili utapata ya kukufikisha Perth. Nauli hazipishani sana, kwa hiyo tukitaka tulale siku mbili njiani, tunyooshe miguu. "Mtaniambia Alhamisi," akasema. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Lau angetuambia tuchague palepale mbele ya meza yake, nyumba yetu ingesalimika.

Wasafiri tulikuwa watano: mimi, baba watoto, binti yetu wa kati, kitinda mimba wetu wa kiume, na Mama. Nikisema Mama namkusudia mama mkwe wangu, ambaye alishatangaza jengo zima la Michenzani kwamba kitukuu chake hakitaogeshwa na mkono wa mgeni.

Baba watoto alikuwa Hong Kong hata kabla hajavua viatu. Miaka yote ya kazi yake aliipitisha bandari ya Malindi akihesabu mizigo, na mtu wa bandari humwambii kitu kuhusu mji wenye bandari kama ile. Alikuwa na habari zote za Star Ferry, vivuko vya kijani na nyeupe vinavyokata maji baina ya Kowloon na kisiwa cha Hong Kong tangu karne ya kumi na tisa, na kila kimoja kina jina la nyota. Alijua kuwa kuna treni ya kupanda mlima tangu 1888. Nikamuuliza, hivi wewe unayelalamika kila siku kwa ngazi za Michenzani, mlima wa nini? Akasema ndiyo maana ya treni.

Nyuma yake alisimama mdogo wake, ami yao watoto, ambaye hasafiri nasi lakini kura yake tulisikia mpaka mtaa wa pili. Ami ni mfanyabiashara wa Guangzhou na amepita Hong Kong mara nyingi. Kwake mji ule wote ni jengo moja, Chungking Mansions la barabara ya Nathan, ambako Waafrika, Wahindi na Wapakistani wanauziana simu, wanabadilishana fedha na kulala vyumba ambavyo ukinyoosha mkono umegusa kuta zote mbili. Lifti moja inasimama ghorofa za shufwa na nyingine za witiri, anasema, na foleni yake unaweza kumaliza juzuu. "Lakini msikiti wa Kowloon uko hatua chache tu, shemeji. Unatoka kitandani, unaingia safu." Nikamwambia hayo ya kitandani mimi sikuyauliza.

Binti naye alikwenda upande wa baba yake kwa sababu ya koti. Alikuwa amelipata mnadani, koti refu la sufu, rangi ya kahawia, vifungo vimetimia. Unguja hakuna siku hata moja ya kulivaa. Mwisho wa Disemba Hong Kong kuna baridi ya kupendeza watu wenye makoti. Singapore iko karibu mno na mstari wa ikweta, joto lake ni la kwetu. "Mama, nisafiri kote huko nikatoe jasho lilelile?" Sikuwa na jibu la maana.

Kitinda mimba alikuwa Singapore kwa sababu moja tu: ndani ya uwanja wa ndege wa Changi kuna jengo la vioo lililofunguliwa 2019, na katikati ya paa lake yanaporomoka maji mita 40 kwenda chini, marefu kuliko jumba letu. Hakutaka kingine. Tungemwacha papo hapo uwanjani siku zote mbili angeshukuru.

Na mimi nilikuwa Singapore kwa sababu ya magoti ya Mama. Kutoka kule mpaka Perth ni kiasi cha saa tano angani. Kutoka Hong Kong ni zaidi ya saba. Halafu kuna chakula. Utamaduni wa vibanda vya mapishi vya Singapore UNESCO imeuingiza katika urithi wake mwaka 2020, na vipo vingi vya Waislamu. Wana murtabak, mkate wa kukunja wenye nyama na mayai, ndugu wa ule tunaokula Forodhani. Mji ambao nitakula bila ya kuuliza maswali kwa ishara za mikono, kwangu huo umeshapita mtihani.

Basi mbili kwa mbili, na Mama hasemi. Kila tukimgeukia anafungua kijaluba chake, anapaka chokaa jani la tambuu, anakunja, anatia kinywani. Baba watoto akaona hapo ndipo pa kupigia. "Mama, hiyo tumbaku unayotia kwenye tambuu Singapore hairuhusiwi kuingia. Hata chingamu wamezuia tangu 1992. Ukitema njiani unatozwa faini." Alisema kweli, ila alificha kwamba Hong Kong nako hawaitaki tumbaku ya kutafuna. Mama akamtazama mwanawe kwa muda. "Kwani nani alikwambia mimi hutema njiani?"

Jumatano magharibi ndipo mambo yalipoharibika. Wakala alikuwa ametuonya kuwa kadi ya manjano ya chanjo kila mtu awe nayo mkononi, tusije tukabishana na maofisa wa viwanja. Yangu na za watoto zilikuwapo. Ya baba watoto haikuonekana. Akaapa kwamba alimpa Mama amwekee. Mama akasema ndiyo, na imewekwa. Wapi? "Uvunguni."

Inabidi nieleze uvungu wa Mama. Mama hatupi chupa. Chupa ya siki, ya sharubati, ya asali, ya dawa ya kikohozi, zote zinaoshwa, zinaanikwa barazani na kupangwa chini ya kitanda chake, kwa sababu siku moja kutakuwa na achari. Nyingi tayari zina achari: ndimu, embe, pilipili mbuzi. Ugomvi wa chupa hizi katika nyumba yetu una umri wa ndoa yangu.

Baba watoto akaingia uvunguni na tochi. Sisi tukabaki tunaiangalia miguu yake. Chupa zikaanza kutoka moja baada ya moja, huku Mama akitoa amri kutoka kitandani, hiyo usiitikise, hiyo ilaze, hiyo iache kabisa. Binti alikuwa amesimama mlangoni amevaa koti, kwa sababu tangu Jumatatu hakulivua ila kwa kuoga. Iliyokuwa ya kuachwa kabisa ilikuwa ndimu za tangu Ramadhani. Ilikuwa imejaa hewa. Kizibo kilipiga dari na manjano yote ya ndani yakamwendea binti kifuani.

Katika kelele zile baba watoto alipiga kichwa kwenye chaga, akajivuta nyuma kwa nguvu, na mguu wake ukasukuma chupa pana yenye mfuniko wa bati. Ikabingirika ukumbini. Mlango wa nje ulikuwa wazi kwa ajili ya upepo. Tulisikia ikishuka ngazi ya kwanza, ya pili, ikapumzika kwenye kipembe, ikaendelea. Tunakaa ghorofa ya nne. Majengo yetu yalijengwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki baada ya Mapinduzi, zege tupu kutoka juu mpaka chini, na nilikuwa sijui kama sauti inasafiri humo vizuri namna ile.

Tukatafuta kadi mpaka Isha ikaadhiniwa. Hatukuipata. Binti analia juu ya beseni la maji ya sabuni, koti limegeuka rangi ya pilau. Mama amenuna. Hapo ukapigwa hodi: jirani wa chini kabisa, ameshika ile chupa, haikupata hata ufa. "Nimekurudishieni amana yenu," akasema, "naona mna barua ndani." Baba watoto akaifungua. Ndani yake makaratasi, makavu matupu, yamefungwa kwa uzi: cheti chake cha kuzaliwa, hati ya kiwanja cha Bububu, na kadi ya manjano. "Kombamwiko hawezi kufungua mfuniko wa bati," Mama akasema. Alikuwa hajaulizwa.

Kadi ikawa na mhuri wa zamani, muda wake umeandikwa miaka kumi, umekwisha. Uso wa baba watoto ukaanguka tena. Kitinda mimba akachungulia simu yake: tangu Julai 2016 chanjo ya homa ya manjano inahesabiwa ni ya maisha, hata kwa kadi zilizotangulia. Na kwa kuwa simu ilikuwa mkononi na watu kwa mara ya kwanza wamenyamaza, akaendelea kumsomea bibi yake habari za Masjid Sultan.

Msikiti huo uko Kampong Glam, mtaa wa Waislamu wa Singapore, karibu na njia iitwayo Arab Street. Jengo la sasa lilikamilika 1932. Wakati wa kuchangisha, matajiri walitoa fedha, na masikini ikaonekana nao wasikoseshwe thawabu, basi wakaombwa chupa. Vitako vya chupa zile vikapangwa kuzunguka chini ya kuba la dhahabu, safu juu ya safu. Ukiangalia kwa mbali unaona ukanda mweusi unaong'ara. Ukisogea unaona chupa.

Mama akaomba asomewe tena. Ana damu ya Kishihiri, na siku zote alikuwa akisikia kwamba si wote waliotoka Hadhramaut walikuja pwani yetu, wengine walielekea Java na Singapore. Lakini hilo la jamaa halikuwa na uzito. Akamtazama mwanawe, kisha akanitazama mimi, na mimi alinitazama zaidi. "Mwambieni huyo wa tiketi ni Singapore. Na chupa zangu zirudishwe uvunguni kama zilivyokuwa."

Mvua ilitupokea. Kaskazi ileile inayotuletea jua Unguja, kule mwezi wa Disemba inamwaga maji, na hilo baba watoto alitukumbusha chini ya kila mwavuli. Kitinda mimba alipata maporomoko yake, tukamng'oa kwa nguvu. Binti alishangaa kuona mabasi, treni na maduka yana baridi ya mashine, akalivaa koti lake lililobaki na doa, akafurahi kuliko sote. Mama alisimama mbele ya Masjid Sultan amekaza shingo, anahesabu chupa. Mkahawani palepale mtaani akaomba kwa ishara chupa tupu za sosi, akapewa mfuko mzima. Sikusema neno.

Siku ya pili ilikuwa haki ya baba watoto, maana alinyimwa kivuko chake. Tukaenda gati ya Changi Point, ambako mashua za mbao za mashine zinavusha watu kwenda Pulau Ubin, kisiwa kidogo ambacho bado kina nyumba za kijijini na njia za baiskeli. Mashua haina saa. Inaondoka ikitimia watu 12. Tukakaa, watano. Wakaja vijana wawili na baiskeli zao, saba. Mvua. Baba watoto akatazama saa, akasema Star Ferry haimngoji mtu. Mama akamjibu kwamba yeye amengoja mashua ya Tumbatu pale Mkokotoni tangu asubuhi mpaka maji yakatoka, na hakufa. Wakaja mume na mke na watoto wawili, kumi na moja. Kisha hakuja mtu.

Baba watoto akasimama, akamlipa nahodha nauli ya mtu wa kumi na mbili kutoka mfukoni mwake. Tulipoingia akaenda moja kwa moja kwenye nafasi aliyoinunua, anyooshe miguu yake kama bwana. Mfuko wa chupa ulikuwa umeshakaa.

"Mama, hapa nimelipia mimi."

"Najua mwanangu," Mama akasema. "Mungu akulipe. Ushike vizuri, pana mawimbi."