Sifa za Kiingereza cha Kuombea Maji

Washairi wa pwani wameusifu mnazi, wameisifu bahari, wamewasifu wapenzi hata wasiostahili. Hakuna aliyekaa chini kumsifia mtu anayechapia. Dhuluma hiyo naiondoa leo: nakisifu Kiingereza cha kuombea maji, kisichojua wakati uliopita wala umoja na wingi, lakini kila alfajiri kinadandia daladala Mbagala na Tandale kwenda kutafuta riziki.

Sifa ya kwanza, kinafanya kazi. Fundi bomba wa Tandale hatoki hata nje ya wilaya yake ya Kinondoni; anakatiza tu hadi Masaki, anagonga geti la mzungu. Anachungulia chini ya sinki, anakohoa, anatoa taarifa: "Madam, pipe is die. I change, water come." Sarufi imelala chali hapo, lakini hesabu kilichomo: ugonjwa, tiba na matokeo ya tiba, kwa maneno manane. Kuna miradi iliyoandikiwa kurasa mia kwa Kiingereza kilichopigwa pasi, na bomba bado linatoa upepo.

Pili, kinaleta usawa. Nenda Kariakoo umtazame mama wa Tandika akinunua mabegi ya jumla kwa Mchina. "You reduce, I take ten." "No reduce. Ten, good price." Lugha hiyo si ya kwao huyu wala ya kwao yule, ndiyo maana hakuna anayemwonea mwenzake. Angejipenyeza hapo mjuzi mmoja aliyehitimu Oxford, wote wawili wangeshikwa na haya, na mabegi yangelala dukani.

Tatu, hakijikwezi kama walinzi wake. Sekondari zetu zilibandika ofisini lile tangazo maarufu, "No English, No Service", kuwatisha watoto waliosoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza wakaambiwa waanze hata kuota kwa Kiingereza. Tangazo lenyewe halina kitenzi hata kimoja. Mwaka 1982 Tume ya Makweta kuhusu elimu ilishauri sekondari nazo zifundishe kwa Kiswahili. Ushauri ukawekwa kando, na hivyo taifa likajihakikishia kwamba wachapiaji hawatatuishia. Hatuna budi kushukuru.

Kuna atakayeuliza: basi sarufi haina kazi? Inayo, tena kubwa. Kwenye maelezo ya dawa, "not" ikidondoka, mgonjwa naye anadondoka. Kwenye mkataba wa kiwanja, neno moja likikaa vibaya, ukuta wa jirani unahamia kwako. Na mwanafunzi aliye mbele ya karatasi ya mtihani wa NECTA asinitaje mimi kama shahidi wake. Hapo msahihishe mtu mpaka akuchoke.

Ila tazama vizuri ni Kiingereza kipi kinacholiza watu. Mkataba wa mkopo unaomtoa mtu jasho Temeke haujachapia popote. Vitenzi vimenyooka, koma zimekaa mahali pake, na mkopaji anatia saini ukurasa wa mwisho bila kuelewa ule wa kwanza. Kabla sheria haijabadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, mtu aliweza kujieleza kizimbani kwa Kiswahili, hukumu ikaandikwa kwa Kiingereza safi, naye akatoka nje kumuuliza wakili kama ameshinda au ameshindwa. Kiingereza kibovu hakina ukatili huo. Mwenye kukisema anataka aeleweke: atarudia, atapunga mikono, atachora hata mchangani. Mwenye kile kilichonyooka hana haraka ya kueleweka. Wakati mwingine kutoeleweka ndiyo faida yake.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaowarukia watu kwa sababu ya "he go" na "she have", mnahangaika na waliokwisha kueleweka, wakapewa walichotaka na kwenda zao. Hizo kalamu nyekundu zipelekeni kwenye mikataba. Huko kuna sentensi zisizo na kosa hata moja, na hajazielewa mtu.