Muulize Bi. Mvuke: Hita Yangu Ina Kisirani

Barua za wiki hii karibu zote zimetoka kwenye baridi, na kila moja imekuja na mtu wa kulaumiwa.

*Shikamoo Bi. Mvuke. Niko Njombe. Tangu tufunge hita ya gesi bafuni, mke wangu akioga anatoka kichwa kinamgonga na kichefuchefu juu. Juzi magoti yalimwishia akiwa bado na povu. Akikaa uani kidogo, anapona. Mama anasema ni mkono wa jirani tuliyegombania naye mpaka. Hewa si mbaya, maana hatusikii harufu yoyote, na dirisha tumeliziba kwa ajili ya baridi. Nianze kwa mganga yupi?* – Mume Mwenye Hofu

Marahaba, mwanangu. Mwache jirani na mpaka wake. Anayemwangusha mkeo umemfunga mwenyewe ukutani kwa skrubu, na fundi ukamlipa.

Hita ndogo ya lita 6 kwa dakika, ikiwaka kwa nguvu zote, inakula karibu kilo 1 ya gesi kwa saa. Kilo hiyo inataka hewa kama mita za ujazo 12 ndipo iungue vizuri. Bafu la mita moja na nusu kwa mbili, hata ukilipima hadi darini, halifikishi 8. Ukishaziba dirisha, moto unarudia hewa ileile iliyochoka na kuanza kutoa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Ile harufu mbaya unayoijua hutiwa makusudi kwenye gesi ili ikivuja ujue. Kuhusu moshi wa gesi iliyokwisha kuungua haikuambii kitu. Na kaboni monoksidi ikiingia mwilini hung'ang'ania damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Huko kupona akitoka uani, baba, ndiyo dalili yenyewe.

Funga mtungi leo, fungua dirisha, mpeleke hospitali. Mwambie daktari kwamba bafuni kuna hita ya gesi. Usipomtajia, kichwa na kichefuchefu vitamfikisha kwenye malaria. Kisha hita itoke ikae ukuta wa nje, bafuni yaingie maji tu. Mama msalimie.

*Bi. Mvuke, mimi ni landlodi Limuru. Hita nimeiweka kwenye stoo, na bomba la moshi fundi amelipitisha darini, kona nne, ili lisiharibu sura ya nyumba. Alitumia PVC iliyobaki kwenye kazi ya maji machafu. Sasa mpangaji wa juu analalamika kwamba mdomo wa bomba uko chini ya dirisha lake. Nimjibu vipi bila kumkosea adabu?* – Mwenye Nyumba

Mjibu kwamba ana haki. Moshi hupanda kwa sababu ni wa moto. Ukiuzungusha kona nne unapoa njiani, na ukishapoa hauna nguvu ya kutoka, unarudi stoo. Bomba lianze kwa kupanda wima, kona ziwe chache, na mdomo uwe mbali na dirisha, mlango na upenu wa paa. Hiyo PVC iondoe kesho asubuhi: huanza kulegea kwenye nyuzi 80 hivi, na moshi wa hita ya kawaida hutoka ukiwa na zaidi ya 100. Tumia alumini au chuma kisichoshika kutu. Kama sura ya nyumba ndiyo inayokunyima usingizi, nunua hita yenye feni na bomba pacha, moja ndani ya jingine: la ndani linatoa moshi, la nje linavuta hewa safi. Hilo unaweza kulilaza likatokea ukutani. Ni ghali, ila wewe si ndiye unayepokea kodi?

*Shikamoo bibi. Nimeolewa Lushoto. Mume wangu akioga, maji ni ya moto. Nikiingia mimi, hita inazima. Je, nyumba hii inanikataa?* – Bi Harusi

Marahaba, binti. Hita huwashwa na msukumo wa maji, na simtanki lenu naona limekaa juu ya bafu. Kimo cha mita 10 ndicho kinachotoa bar 1. Mita 2 zinakupa bar 0.2, na hita nyingi hapo zinawaka kwa kubembelezwa. Mumeo anafungua bomba lote, wewe kwa ubahili wa kwenu unafungua nusu. Fungua lote, au muinue tangi. Na kabla hamjamwita mshenga, badilisheni betri.

*Bibi, niko Tanga. Hita yangu mpya nataka niifunge jikoni na mtungi niufiche kabatini chini ya sinki, usionekane na wageni. Inafaa?* – Mpenda Usafi

Haifai. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatulia humo kabatini ikingoja cheche. Mtungi ukae nje, kivulini. Halafu Tanga, mwezi wa pili, na tangi jeusi juani? Hebu fungua bomba la baridi saa nane mchana, uoge, ndipo uniandikie tena.